Lusini Haioti, Haizai, Imebadilika: Kagua Kipimo Kabla ya Kulaumu Aina

Lalamiko ninalolisikia zaidi, kuanzia Usa River mpaka Machame, ni fupi: "Ile aina mbovu." Mtu kapanda aina nne za lusini kuzilinganisha, moja imedorora, basi hukumu imeshatoka. Nikifika shambani, mara nyingi aina haina kosa lolote. Kosa lipo kwenye kipimo, au kwenye gunia mbegu zilimokaa. Haya hapa ni matatizo yanayojirudia, nimeyapanga kwa dalili. Katika kila dalili nimeanza na chanzo cha kawaida na ukaguzi usiohitaji hela.

Kwanza jina, maana limeshawapotezea watu msimu. Ninasema lusini, yaani alfalfa, majani ya maua ya zambarau. Lusina ni mti wa malisho, ni kitu kingine kabisa. Ukitamka ovyo dukani Moshi mjini utafungiwa mbegu za mti, na utakuja kuuliza kwa nini punje ni kubwa hivi. Punje elfu moja za lusini zina uzito wa takriban gramu 2 tu.

La pili ndilo linalobeba mengine yote. Maharage hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mmea mmoja wa aina fulani unafanana na mwenzake. Lusini huchavushwa na nyuki, poleni (chavua, unga wa ua) ikitoka mmea hadi mmea, na kila mmea una kromosomu 32 katika seti nne. Ndani ya aina moja hutapata mimea miwili iliyo sawasawa. Aina ya lusini ni kama ukoo: ina sura ya pamoja, lakini kila mtu na kimo chake. Ndiyo maana vipimo vyake hutolewa kwa asilimia ya mimea, na ndiyo maana kutunza mbegu yake ni kutunza ukoo mzima, siyo mmea mmoja uliokupendeza.

DALILI: Mbegu hazioti kwenye sahani

Chanzo cha kawaida kabisa ni mbegu ngumu. Ganda halipitishi maji, punje imelala salama ndani, wewe unadhani imekufa. Sisi tunaopura kwa fimbo na kupeta kwa ungo hulipata tatizo hili kuliko wanaovuna kwa mashine, kwa sababu mashine hukwaruza maganda njiani bila hata kukusudia.

Kuitambua ni rahisi. Siku ya kumi chukua punje ambazo hazijaota uzibonyeze kwa ukucha. Iliyo ngumu imebaki ndogo vilevile kama kijiwe, haijavimba. Iliyokufa imevimba, inapondeka, mara nyingi ina ukungu. Andika makundi haya mbalimbali: miche ya kawaida, miche yenye kasoro, ngumu, mbichi zilizovimba bila kuota, na zilizokufa. Anayeandika "zimeota 52" akaishia hapo hajapima kitu, maana 52 yenye ngumu 38 na 52 yenye zilizokufa 38 ni mbegu mbili tofauti kabisa. Ya kwanza unaikwaruza, ya pili unaitupa.

Kukwaruza: tandika msasa laini ndani ya kopo, weka mbegu kiasi, tikisa dakika mbili tatu, kisha pima uotaji tena. Anza na kijiko kimoja. Nimeona mtu kakwaruza kilo nne kwa bidii hadi akavunja viini, na miche ikatoka bila jani moja la mbegu au bila mzizi. Tena kwaruza zile tu unazopanda msimu huu, kwa kuwa mbegu iliyokwaruzwa haidumu ghalani.

Chanzo cha pili ni joto. Kipimo cha kawaida cha maabara kinafanywa nyuzi 20 za selsiasi, hesabu ya kwanza siku ya 4 na ya mwisho siku ya 10. Moshi mwezi wa pili chumba kinafika 30 bila shida, na juu ya friji ni moto zaidi. Lusini hapo huota kwa kusuasua na ukungu huitangulia. Arusha mwezi wa saba ni kinyume chake, usiku ni baridi na miche hujivuta. Weka sahani chumba cha ndani, sakafuni, mbali na dirisha, na uweke kipimajoto pembeni yake. Kipimajoto cha bei ndogo ni bora kuliko kubahatisha.

Maji nayo. Bonyeza karatasi kwa kidole. Ukiona maji yanazunguka ncha ya kidole, umezidisha. Mbegu inahitaji hewa.

Kisha kuna makosa ya mpimaji mwenyewe, na hapa niwe mkweli kwa sababu nilishayafanya yote. Punje 20 hazitoshi: moja tu ikifa tayari umepoteza asilimia 5. Maabara hutumia punje 400 katika mafungu manne ya 100. Ukitumia mafungu hayo unapata na kipimo cha kujikosoa: kama wastani ni 90, fungu la juu na la chini hayatakiwi kupishana zaidi ya 12. Yakipishana zaidi, rudia, usijitafutie wastani wa kukufurahisha. Na usichague punje nzurinzuri. Ukishatoa takataka na mbegu za magugu, hesabu zilizobaki jinsi zinavyokuja mkononi, zenye makunyanzi na za kahawia zikiwemo.

Rangi inasema kidogo. Punje nzuri ni ya kijani cha mzeituni kuelekea njano. Nyekundu-kahawia mara nyingi ni kuzeeka au kunyeshewa ikiwa ndani ya ganda. Kijani kibichi chenye makunyanzi ni kuvunwa mapema.

Simama hapa: kama umekwaruza, umepima upya kwa joto sahihi, na bado uotaji uko chini ya 70, mimi binafsi nisingeipandia jaribio lolote. Peleka sampuli TOSCI, taasisi inayothibiti ubora wa mbegu nchini. Makao makuu yapo Morogoro na ofisi ipo Arusha. Gramu 50 ndizo kiwango cha chini cha sampuli ya lusini kwa kanuni za kimataifa, zikichotwa sehemu mbalimbali za gunia, juu, katikati na chini. Ukichota juu tu, maabara itapima sehemu ya juu tu.

DALILI: Sahani inaota vizuri, shamba limebaki tupu

Kina. Punje ndogo hivi ikifukiwa sentimita 4 kama harage haitoki. Sentimita moja inatosha, na udongo ushindiliwe kidogo kwa mguu au gogo ili ushikane na mbegu. Udongo wetu wa volkano chini ya Meru ukishalimwa laini sana hujaa hewa. Mvua ya kwanza huizamisha mbegu zaidi au huitandikia ukoko juu. Fukua mstari mmoja. Ukiikuta miche imejikunja chini ya ukoko, umepata jibu na hujatumia senti.

Sisimizi na ndege wanafuata. Halafu kinyausi, ambacho huangusha miche ikiwa na siku chache, shina likisinyaa usawa wa udongo. Kinapenda pale mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, unapotuamisha maji.

Chanzo kinachosahaulika ni shamba lenyewe. Lusini iliyozeeka huacha udongoni kemikali zinazozuia miche ya lusini nyingine. Ukilima lusini ya zamani leo na kupanda mpya wiki ijayo, mpya itadumaa. Pitisha mahindi au zao lingine la nafaka angalau msimu mmoja. Kwa shamba la mbegu subiri zaidi, maana zile punje ngumu zilizodondoka zamani zinaweza kulala ardhini miaka na kuibuka katikati ya aina yako mpya. Hilo tutalirudia.

Kwenye jaribio kuna mtego mwingine: mbegu iliyopakwa. Mbegu nyingi kutoka nje huja na koti la chokaa na chanjo, yaani bakteria wa vinundu vya mizizi, na koti hilo mara nyingi ni kama theluthi ya uzito. Ukipima gramu 30 za iliyopakwa na gramu 30 za tupu, umepanda punje chache zaidi kwenye ploti ya kwanza, halafu unashangaa imeota kwa uchache. Pima kwa idadi ya punje hai. Hesabu yake: usafi asilimia 98 mara uotaji asilimia 85 ni 0.833, ukitaka kilo 15 za mbegu hai kwa hekta, gawanya 15 kwa 0.833, unapima kilo 18. Kila aina ifanyiwe hesabu yake.

Mbegu ikiwa na rangi nyekundu, kijani au buluu ya dawa, vaa glavu, na zilizobaki asipewe kuku wala ng'ombe. Mtoto akiramba au mnyama akila, usingoje dalili. Chukua mfuko wenye lebo uende hospitali au umwite daktari wa mifugo.

DALILI: Ploti zina rangi ya njano, mimea mifupi

Ng'oa mche wa wiki sita kwa jembe, usiuvute, suuza mizizi kwenye ndoo, tafuta vinundu. Vipasue. Ndani wekundu wa waridi, bakteria wanafanya kazi. Vyeupe au vya kijani, au hakuna kabisa, ndiyo njaa ya nitrojeni unayoiona juu.

Sababu ya kwanza ni kutochanja au kuchanja kwa chanjo isiyo yake. Bakteria wa lusini ni wa kwake. Chanjo ya soya au ya maharage haiifai hata ungeimwaga debe zima. Ya pili ni chanjo iliyokaa juani kwenye kaunta ya duka. Ya tatu ni tindikali: lusini inataka pH ya 6.5 hadi 7.5, na sehemu za juu zenye mvua nyingi, migombani na kwenye kahawa ya zamani, mara nyingi pH iko chini ya hapo. Ukishuka tambarare ya Kahe tatizo linageuka: magadi na chumvi, udongo unaganda mweupe kiangazi. Huko usiongeze chokaa kwa kusikia kwamba jirani wa mlimani ameongeza. Pima udongo kwanza.

Lakini hili ni jaribio, kwa hiyo jambo la kuangalia zaidi ni usawa. Ploti zote zichanjwe au zote zisichanjwe. Mkulima mmoja alichanja zake tatu na ya nne ikaja tayari imepakwa chanjo ya kampuni. Alicholinganisha mwishoni ni chanjo.

DALILI: Jaribio halieleweki, aina iliyoongoza mwaka jana mwaka huu ni ya mwisho

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu ndipo fedha za watu zinapopotea.

Anza kwa kuuliza: kuna marudio mangapi, yaani kila aina imepandwa mara ngapi shambani? Ploti moja moja ya kila aina ni maonyesho, siyo jaribio. Aina iliyoangukia palipokuwa na zizi la ng'ombe miaka kumi iliyopita itashinda hadi samadi iishe. Weka marudio manne, matatu kwa shida, na ndani ya kila rudio aina zipangwe kwa kura. Kura ya kweli, karatasi kwenye kofia. Mtu akipanga "kwa kuchanganya tu" mkono wake huipa aina anayoipenda mahali pazuri bila yeye kujua.

Marudio yafuate nini? Kwenye mteremko, kila rudio likate mteremko kwa upana, yaani ploti zake zote ziwe kimo kimoja. Kwenye kumwagilia, ploti zote za rudio moja ziwe umbali mmoja na mfongo. Shamba moja nililolikagua, rudio la kwanza lilianzia mfongoni na kutelemka hadi bondeni, aina A juu na aina D chini, na marudio yote manne yakiwa hivyohivyo. Miaka miwili A iliongoza. Mfongo ulipohamishiwa upande wa pili, D ikawa mfalme. Walichokuwa wanapima ni maji.

Ukaguzi wa pili ni mizani. Majani mabichi ya lusini ni maji robo tatu na zaidi, na kiasi hicho hubadilika kwa saa ya kukata na kwa aina. Chukua sampuli ya gramu 500 kila ploti, kausha kwenye oveni nyuzi 60 hadi 65 mpaka uzito usibadilike, kama siku mbili hivi, ndipo uhesabu. Aina moja inakupa kilo 10 mbichi zenye ukavu wa asilimia 18: hiyo ni kilo 1.8. Nyingine kilo 9.2 zenye ukavu wa asilimia 22: ni zaidi ya kilo 2. Kwa mizani ya shambani ungetangaza mshindi kinyume. Kama huna oveni, jua kali na mfuko wa karatasi vinaweza kusaidia kulinganisha, ilimradi sampuli zote zikauke pamoja na kupimwa siku moja.

Tatu, hatua ya kukata. Kata zote moja ya kumi ya mimea inapochanua, kwa urefu mmoja kutoka ardhini, na uache mistari ya pembeni ya ploti isiingie kwenye mizani. Mimea ya ukingoni inakula mwanga wa njia.

Nne, umri. Hii ni mimea ya miaka. Mavuno ya mwaka wa kwanza yanasema nani huota haraka. Nani atabaki hai baada ya kukatwa kila wiki tano au sita, masika na kiangazi, utajua mwaka wa pili na wa tatu. Anayekuuzia matokeo ya mikato miwili anakuuzia haraka.

Na mwisho, linganisheni mbegu za rika moja. Aina mpya ya mwaka huu ikishindana na mbegu ya aina ya zamani iliyokaa darini miaka sita, ile ya zamani imeshindwa na dari.

DALILI: Kipimo cha ugonjwa au vidukari kimeua kila kitu, au hakikuua chochote

Kipimo cha ukinzani bila aina ya kulinganishia hakina maana. Lazima uweke mbili: moja inayojulikana kuwa dhaifu, na moja inayojulikana kukinza. Kaskazini mwa Amerika watafiti wa alfalfa, kupitia mkutano wao wa uboreshaji uitwao NAAIC, wana vipimo vya kawaida vinavyotaja kila ugonjwa na aina zake za kulinganishia, na kugawa madaraja kwa asilimia ya mimea inayokinza: chini ya 6 ni dhaifu, 6 hadi 14 ukinzani mdogo, 15 hadi 30 wa kati, 31 hadi 50 inakinza, zaidi ya 50 inakinza sana. Ona vizuri: aina iitwayo "inakinza" inaweza kuwa na nusu ya mimea inayokufa. Mteja akikurudia na mimea mitano iliyokauka kati ya kumi, hujamtapeli, ila ulipaswa kumweleza mapema.

Sasa soma matokeo kwa jicho la aina hizo mbili. Dhaifu imepona? Vidukari walikuwa wachache, au kimelea hakikuwa hai, au mazingira yaliwafaa miche kuliko mdudu. Futa kipimo. Inayokinza imekufa? Ama umezidisha, ama mdudu si yule. Ukinzani una anwani: aina CUF 101 ya California inasifika dhidi ya kidukari wa buluu, na hilo halimzuii kidukari mweusi uliyemchukua kwenye kunde. Hunter River ya Australia ilikuwa inatamba hadi mwaka 1977 kidukari wa madoadoa alipoingia huko, ndipo udhaifu wake ukaonekana.

Kama mdudu ni sahihi, idadi ni sahihi, na bado aina ya kulinganishia ina tabia ngeni, geukia mbegu yake. Aina ya kulinganishia iliyozalishwa nyuma ya nyumba vizazi vitatu imeshaacha kuwa rula. Ni kupima nguo kwa futi iliyovutika.

Simama: usilete kimelea au mdudu kutoka nje, wala usikubali "zawadi" ya kopo la udongo wenye ugonjwa kutoka kwa rafiki wa ng'ambo. Nenda TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, ambayo makao yake yako hapahapa Ngaramtoni. Vivyo hivyo mbegu za kutoka nje: kibali kwanza, begi baadaye.

DALILI: Maua tele, mbegu hakuna

Ua la lusini lina mtego. Kiungo cha uzazi kimebanwa ndani ya petali mbili, na lazima kifyatuliwe ndipo uchavushaji utokee. Nyuki wa asali akipigwa na mfyatuko huo mara kadhaa hujifunza kuingiza ulimi kwa ubavuni, anakunywa bila kufyatua. Mizinga kumi inaweza kuvuma shambani na usipate kitu. Nyuki wakata majani ndio mafundi wa kazi hii, wale wanaokata miduara safi kwenye majani ya mawaridi. Ukiwaona kwa jirani usiwapulizie dawa, na pembeni mwa shamba acha vijiti vyenye mashimo na magogo makavu.

Ukaguzi: chukua shada la maua mchana wa jua, angalia mangapi yamefyatuka. Lililofyatuka, safu ya kiungo imekumbatia petali kubwa ya juu na ua linanyauka haraka. Mengi yakiwa yamefungwa, tatizo ni nyuki. Yakiwa yamefyatuka na bado vitumba vya mbegu havijazi, angalia maji na wakati. Lusini iliyonyweshwa mno inakimbilia majani. Na ukungu wa mwezi wa sita na wa saba, ambao wa Moshi na Arusha tunaujua, hufungia nyuki nyumbani. Mimi hukata shamba la mbegu mwanzoni mwa Julai ili lichanue katikati ya Agosti, jua likishatoka, na nivune kabla ya vuli, theluthi mbili za vitumba zikiwa kahawia. Shamba hilo liwe jembamba pia: mistari ya sentimita 60 hadi 90, kilo moja hadi tatu za mbegu kwa hekta. Shamba zito la malisho likiachwa lizae mbegu hutoa majani na lawama.

Kama maua yenyewe hayatoki, inawezekana umeletewa aina ya nchi za baridi. Lusini hupenda mchana mrefu ili ichanue, na hapa nyuzi 3 kusini mwa ikweta tofauti ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki nusu saa. Madaraja ya kulala wakati wa baridi huenda 1 hadi 11. Ya chini hulala sana na hapa hukaa kifupi bila maua. Tafuta 8 kwenda juu.

Kwenye ploti ndogo za kutunza mbegu unaweza kufyatua kwa mkono, kwa kijiti cha meno. Onyo: ukifyatua maua ya mmea mmoja kwa poleni yake mwenyewe unazaa ndugu kwa ndugu, na lusini hulipiza haraka, miche hudhoofu kizazi kinachofuata. Tembea mmea hadi mmea na kijiti hichohicho.

DALILI: "Aina imebadilika"

Ya kwanza, na huwa hawaamini: turubai. Aina mbili zimepurwa turubai moja, au gunia halikukung'utwa mishono. Pindua gunia tupu juani uone.

Ya pili ni masalia ya shamba la zamani, zile punje ngumu. Ya tatu ni poleni ya jirani. Mfumo wa mbegu wa OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, unataka mita 200 kwa shamba la kuzalisha mbegu ya kuendeleza lisilozidi hekta 2, na mita 100 kwa kubwa zaidi. Vihamba vyetu, mashamba madogo ya nyumbani, havina nafasi hiyo. Kubalianeni na jirani akate malisho yake kabla hayajachanua, ambalo ni jambo zuri kwa ng'ombe wake pia.

Ya nne ni wazazi wachache. Mtu huchagua mimea mitano mizuri, anaiita "mbegu mama", na miaka mitatu baadaye shamba limelegea. Mimi sishuki chini ya mimea 100, na kutoka kila mmoja nachukua kiasi sawa cha mbegu, wanaozaa sana wasije kumeza wenzao. Ng'oa mgeni kabla hajachanua. Akionyesha ua la njano katikati ya zambarau tayari ameshagawa poleni.

Kuthibitisha, panda mistari miwili sambamba: mbegu mpya, na mbegu ya asili uliyoihifadhi. Hukuhifadhi? Basi huna shahidi, ni maneno tu. Rudi kwa mzalishaji wa mbegu ya msingi, anza upya. Na kama unataka kuiuza yako kwa jina la aina hiyo, simama hapo: Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka usajili na ukaguzi, na mkaguzi wa TOSCI anatakiwa alione shamba likiwa bado na mimea.

Kuhifadhi huko kuna kanuni mbili za kukadiria. Kila asilimia moja ya unyevu unayoipunguza ndani ya mbegu huongeza umri wake kama mara mbili, na kila nyuzi 5 za joto hivyohivyo. Kausha kivulini kwenye upepo, kisha iweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha mpira pamoja na silika, zile chembe za kunyonya unyevu, au mchele uliokaangwa ukapoa. Ile mbinu ya kutikisa mbegu na chumvi haitoshi. Inakuonya mbegu ikiwa mbichi kabisa, siyo ikiwa imekauka vya kutosha. Ikikaa kwenye friza, itoe chupa usiku na uifungue asubuhi ikishapata joto la chumba. Ukiifungua ya baridi, hewa ya Arusha itaiweka umande mbele ya macho yako. Vidonge vya fosfini vya ghala visiingie ndani ya nyumba mnayolala, hata kimoja. Vimeshaua watu.

DALILI: Nyuzi za njano zimeizunguka mimea

Huyo ni mlangamia, na hapa sina hatua ndefu za kukupa. Hana majani, hana mzizi ardhini akishashika; anafyonza. Mbegu zake zinakaribiana ukubwa na za lusini, kwa hiyo chekeche haliwezi kuzitenga vizuri. Viwanda hutumia unga wa chuma na sumaku: ngozi yake ya mabonde hushika unga, ya lusini laini haishiki. Huna mashine hiyo, nami sina.

Akiwa sehemu moja au mbili tu, kabla hajachanua: kata lusini yote aliyoishika na ya nusu mita pembeni, choma palepale. Usimburute hadi kwenye lundo, kila kipande kinashika upya. Ukimkuta ameshatoa mbegu, usivune mbegu shamba hilo, na usimpe mbuzi wala ng'ombe majani hayo, kwa kuwa mbegu zake hupita tumboni zikiwa hai na samadi itazipeleka hadi kwenye mboga. Funga maji yasishuke kwa jirani wa chini, mwambie yeye na bwana shamba siku hiyohiyo.